Viatu vya Komakech Havichoki

Kule Bugolobi, mahali ambapo lami inachoka na kugeuka udongo mwekundu, palikuwa na taruma kuukuu la reli lililolazwa juu ya mawe mawili, mbele ya duka ambalo mwenyewe alilifunga akaondoka na funguo. Hapo Alanyo, au Mama Akullo kama walivyomwita, aliuza kahawa, na hapo wateja wake watatu walikaa kila asubuhi kama kuku waliozoea kiota kimoja. Wa kwanza alikuwa Ochola fundi viatu, Mkenya aliyekuja kwa wiki moja akakaa miaka kumi. Huyo walimwita Sindano. Wa pili alikuwa Abubaker, dereva wa lori lililokosa vipuri, aliyeitwa Gia Tatu kwa sababu hata maneno hakujua kuyaendesha polepole. Wa tatu alikuwa mzee Saverio, aliyewahi kuwabebea Wazungu mizigo kwenye milima ya Rwenzori, wakamwita Barafu. Miaka ile ya wanajeshi watu walipembua maneno kama mchele wenye mawe. Mtu aliyechukuliwa hakusemwa kwamba amechukuliwa. Alisemwa kwamba amesafiri. Komakech, mume wa Alanyo, askari polisi, alikuwa amesafiri tangu mvua za mwaka uliopita. Na jana, katika soko la Owino, chini ya lundo la viatu vikuukuu, Alanyo alikuta viatu vyake.

Asubuhi hiyo aliviweka juu ya taruma, kati ya vikombe. Vilikuwa viatu vya kupandia mlima, vizito, vyenye soli ya meno. Komakech alipewa na Mzungu mpima ardhi ambaye yeye alimlinda milimani, na tangu hapo hakuvivua ila akilala.

Sindano alipitisha kidole kwenye kisigino cha kushoto.

— Ni hivi, Mama Akullo. Kisigino hiki nilikata mimi kwenye tairi ya basi. Mshono huu ni mkono wangu.

Hilo Alanyo alilijua. Alichotaka kujua ni kingine. Shemeji zake wa Gulu walikuwa wametuma neno: njoo nyumbani tumlilie ndugu yetu. Na yeye alikuwa hajajibu. Kumlilia mtu aliye hai ni kumchimbia kaburi kwa mkono wako. Kutomlilia aliyekufa ni kumwacha nje kwenye mvua. Sasa angefanya lipi?

— Nyinyi mnajua njia na mnajua viatu, — alisema. — Niambieni hivi vimetoka wapi.

Wanaume wakatazamana. Gia Tatu akanywa kahawa, akakunja uso.

— Hii kahawa bila sukari iko kama dawa ya ng'ombe.

— Sukari imesafiri, — alisema Barafu.

Hakuna aliyecheka. Gia Tatu akakigeuza kiatu, akachokoa tope jeusi kwenye meno ya soli.

— Mimi nasema hii mutu ilienda kaskazini. Ona matope. Nyeusi. Hapa kwetu udongo iko nyekundu, na ikinyesha inateleza kama bamia. Hii meno ya soli hapana saidia, inajaa matope, wewe natembea juu ya chapati. Lakini udongo nyeusi inashika mutu, hapana angusha. Alipita Karuma, akavuka mto, akaenda zake. Mavi ya kale hayanuki.

— Methali hiyo imeingiaje hapo? — aliuliza Sindano.

— Imeingia kwa mulango. Wewe endelea kushona.

— Mimi sioni kaskazini hapa. Ona huu mstari mweupe kwenye ngozi. Haya ni maji yaliyosimama. Kiatu kililoa mpaka kifundo, kikakauka, kikaloa tena. Ni vinamasi vya mafunjo hivyo, na mafunjo yako upande wa kwetu. Soli hii kwenye jiwe lililoloa haina mpinzani, kwenye jua kali inachemsha mguu, lakini kinamasi kikishaingia ndani unatembea na ndoo mbili. Bwana huyu alipita mpakani usiku kwa njia za panya. Sasa hivi yuko Kisumu, anakula samaki na kunenepa. Haba na haba hujaza kibaba.

Alanyo alimwona Komakech akiwa mnene. Hajawahi kuwa mnene. Akatabasamu kidogo, akamjazia Sindano kikombe.

Zamu ya Barafu ikafika. Alikiinua kiatu cha kulia, bado kina unyevunyevu ndani, akakinusa, akakigonga puani kwa ukucha.

— Nyinyi watoto. Mikwaruzo hii si ya barabara. Hii ni miamba. Kule juu, ssebo, bwana wangu, kuna matope yanayomeza mtu mpaka goti, unaruka kutoka kichaka cha nyasi hadi kingine kama chura. Hapo meno haya ndiyo yanakuokoa. Halafu unafika kwenye barafu. Asubuhi kiatu kimekuwa jiwe, hakiingii mguuni. Mzoefu hulala nacho ndani ya blanketi, amekikumbatia kama mke.

— Aa, mzee, — alisema Sindano, akimwonyesha Alanyo kwa jicho.

— Anisamehe. Mimi nasema Komakech milima ile aliijua. Alipanda huku, akashukia Kongo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na yeye ana viatu, atavunjika wapi?

— Kongo atafanya nini? — Gia Tatu akadakia. — Yeye hapana kaa Kongo. Alizunguka mpaka Sudani, akaingia kwa mchanga. Kwa mchanga hii viatu iko muzuri, inafunga juu, mchanga hapana ingia. Sasa anachunga ngamia.

— Ngamia wanachungwa na polisi? — aliuliza Sindano.

— Nani anaheshimu polisi kuliko ngamia?

Hapo wakacheka wote, na Alanyo pia, mpaka akashika mdomo kwa kanga. Barafu akasema ngamia amewaacha, amefika kwa Wazungu wenyewe, anawafundisha kutembea kwenye theluji. Sindano akasema huko Malkia amemwona viatu akauliza fundi ni nani. Kila mmoja alimchukua Komakech mahali mwenzake alipomwachia, akampeleka mbele zaidi, kama watu wanaopokezana mzigo. Na Alanyo, akiwamiminia, aliona jambo. Walimpitisha mito, wakampitisha barafu na jangwa. Hakuna hata mmoja aliyempitisha barabara ya Jinja, penye ule msitu ambao waliopelekwa hawakurudi na ambao watu hawakuutaja. Walikuwa wanamtorosha. Aliwapenda kwa hilo, na katikati ya kicheko chao akajiona yuko peke yake zaidi kuliko alivyokuwa jana sokoni.

Ndipo akaja mama mmoja mgeni, ndara moja mguuni na nyingine mkononi, kamba imekatika. Jina lake Nabalayo, alisema, ametoka Bungoma juzi, anafanya kazi ya kufua huko kwenye maghorofa.

— Karibu taruma, — alisema Barafu. — Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Alipewa kahawa, akakaa pembeni, akasubiri ndara yake huku akisikiliza. Theluji na ngamia vilimfurahisha sana. Alivitazama viatu kwa muda.

— Huyo mtu alitembea sana, — alisema. — Huko kote alikwenda na viatu gani?

— Na hizi hizi, dada, — alisema Gia Tatu. — Hii viatu hapana choka.

— Sasa vimerudi na nani?

Sindano aliacha sindano ndani ya ngozi. Barafu alitazama lami pale inapokwisha, kana kwamba mtu angetokea.

— Mama Akullo, — alisema Gia Tatu mwishowe, akinyoosha kikombe, — ongeza kidogo.

Alanyo akainamisha birika. Yakatoka machicha.

— Imeisha, — alisema.

— Nimesema vibaya? — Nabalayo aliuliza.

— Hapana, mama, — alisema Alanyo. — Umeuliza tu.

Akakusanya vikombe. Hakuna aliyedai chenji wala kuaga. Alivitia viatu kwapani, akaenda kwenye chumba chake nyuma ya gereji. Huko alifanya alivyofundishwa na Komakech mwenyewe: viatu vilivyoloa haviwekwi karibu na moto, ngozi hupasuka; hujazwa majani makavu ya mgomba na kuachwa kizingitini penye upepo. Akavijaza taratibu, cha kushoto, kisha cha kulia, akavipanga nje, pua zikielekea barabarani.

Saa tisa mawingu yakaja kutoka upande wa ziwa. Tone la kwanza likapiga ngozi, likaacha alama nyeusi. Alanyo alisimama mlangoni akilitazama. Lilipodondoka la pili aliinama, akaviingiza ndani vyote viwili, akafunga mlango. Akaketi chini, akavipakata, akaanza kumlilia mumewe, kwa sauti ndogo, jirani asisikie.