Dhokla ya Kituoni Voi

Niinueni kidogo, wanangu, niegemee ukuta, kwa maana haya sitaki kuyasema nimelala kama mtu aliyeshindwa. Nawe shemeji Mwandawiro, usitoke. Kaa hapo mlangoni usikie kwa masikio yako mwenyewe.

Baba yenu Josephat alipofariki, huyu mdogo wake alinijia matanga hayajaisha akaniambia, "Wakio, mwanamke hana kiwanja. Funga mizigo twende Ndara, ukawe mke wangu." Nikamjibu, "Nimemzika mume, sikujizika mimi." Akaapa njaa itanipeleka kwake kwa magoti.

Njaa ilikuja kweli. Nikaenda kufanya kazi kwa Mama Jayanti, mke wa karani Mhindi wa reli, na huko ndiko nilikojua dhokla: unga wa dengu ukorogwe kwa maziwa lala, uachwe uchachuke, upikwe kwa mvuke mpaka uumuke laini, kisha umwagiwe haradali na pilipili zilizokaangwa. Wahindi wenzake walimgombeza kwa kunifundisha. Akawaambia, "Mikono yake imekoroga unga huu mwaka mzima, na nyinyi mmekula."

Nikaenda kuuza dhokla kituoni. Watu wetu wa Taita wakacheka: Mdawida gani huyu wa kupika chakula cha Wahindi? Askari akaipiga teke sufuria, maji ya moto yakaniunguza mguu huu. Mwenye kovu usidhani kapoa; kesho yake nilirudi nikichechemea, na abiria wa gari moshi la Mombasa wakaniita kwa jina kupitia madirishani.

Sasa shikeni neno. Nehemiah, shamba la Sagalla ni lako, ulilime, usilikodishe. Lakini kiwanja hiki cha Voi, na jiko lake, ni vya Wakesho. Naam, binti. Mchungaji ameandika, na alama ya kidole changu ipo. Usinitazame hivyo, mwanangu. Wewe uliona haya kunisalimia kituoni mbele ya wenzako wa shule. Dadako alinibebea kuni. Sina kinyongo nawe, ila jiko hurithiwa na aliyekula moshi wake.

Mwandawiro, nimekusamehe, kwa sababu siendi kwa Mlungu, Muumba wetu, na mzigo wako kichwani. Lakini kusamehe si kukukabidhi ufunguo.

Nizikeni kando ya Josephat... asubuhi, kabla ya jua kali. Msiwaache waombolezaji na njaa. Maji... asante, Wakesho. Mlungu akupe nguvu, akupe na ukaidi wangu. Nehemiah, nawe akubariki... Sogea. Mshike dadako mkono. Si hivyo, mshike vizuri... mbele ya baba yako mdogo, aone. Haya... msiachane.