Sura ya Baba Kanisani

OCTAVE: Haloo, posta ya Kabambare? Nani anashika simu?

MWANVUA: Ni mie, Mwanvua. Planton, mutumishi wa posta, amenitoa sokoni mbio, anasema kuna simu yangu toka Kasongo. Nani amekufa?

OCTAVE: Hakuna, dada. Ni Octave, fundi wa picha wa misioni. Yambo.

MWANVUA: Yambo, kaka Octave. Moyo wangu ulikuwa— ngoja, simu inakwaruza. Picha ya baba imekwisha?

OCTAVE: Imekwisha. Imetoka vizuri, vizuri kupita kiasi.

MWANVUA: Basi mbona sauti yako iko vile?

OCTAVE: Kuna jambo, dada.

MWANVUA: Octave, sema.

OCTAVE: Mupe, padri wetu, aliiona. Nta ya picha ilikuwa bado moto, akasimama mulangoni akasema, huyu ni Yosefu Mutakatifu. Ndevu ile, macho ile. Akaniamuru nimutie mwanga kichwani.

MWANVUA: Na wewe ukasema?

OCTAVE: Nilisema, ndiyo, Mupe.

MWANVUA: Hukumwambia ni baba yangu? Mutu aliyeadhini kila alfajiri kule kambi ya kampani, Salamabila?

OCTAVE: Niliogopa. Nyumba ninayolala ni ya Mupe, nta ni yake, hata mbao ni yake.

MWANVUA: Iko wapi sasa?

OCTAVE: Ukutani, kuume kwa altari. Jumapili wanaibariki.

MWANVUA: Haya. Nirudishie gazeti yangu yenye picha ya baba, nitafute fundi mwingine.

OCTAVE: Gazeti haiko tena.

MWANVUA: Haiko namna gani? Si nilikutumia—

OCTAVE: Ndiyo namna ya kazi, dada. Unalaza karatasi juu ya nta yenye moto kidogo, uso chini, unasugua na mugongo wa kijiko. Wino inashika nta. Halafu unalowesha karatasi, unaifikicha na kidole mpaka inakwisha yote.

MWANVUA: Hukuniambia.

OCTAVE: Nilijua ungekataa. Na mie nilitaka sana kuifanya. Nisamehe.

MWANVUA: Ile ndiyo sura yake moja tu. Siku kampani ilipomupa medali. Hakupigwa picha nyingine mpaka anakufa.

OCTAVE: Najua. Lakini picha ikihamia kwenye nta inageuka, kovu ya shavu ya kushoto imekwenda kuume. Pengine hakuna atakayemujua.

MWANVUA: Mie nitamujua. Kaka yangu Lukumani pia. Yeye alinikataza, alisema sura ya marehemu haichorwi, nikakutumia gazeti kwa siri. Kosa si lako peke yako.

OCTAVE: Sikia, dada. Mupe iko Nyangwe mpaka kesho. Pasi ya makaa ninayo hapa. Nikiipitisha juu mara moja, nta inayeyuka, sura inakwenda. Nitasema jua limeiharibu. Sema neno moja tu.

MWANVUA: Na baba?

OCTAVE: Anakwenda nayo.

MWANVUA: [simu inakwaruza] ...ngoja, karani ananisukuma, muzungu wa teritware, mukubwa wa serikali, anataka simu. Octave?

OCTAVE: Niko.

MWANVUA: Usiiguse.

OCTAVE: Dada, lakini—

MWANVUA: Mama anasahau. Kila siku ananiuliza, baba yenu alikuwa na mudomo wa namna gani. Nikimweleza analia, anasema hauoni. Misa iko saa ngapi?

OCTAVE: Saa moja asubuhi. Lakini nyinyi ni Waislamu, watu watawaangalia.

MWANVUA: Waangalie. Mama na mie tutapanda lori, kamio ya Jumamosi, tutakaa nyuma kabisa.

OCTAVE: Na watu wakipiga magoti mbele yake? Nitamwambia mama nini?

MWANVUA: Usimwambie kitu. Atafikiri wanamuheshimu mume wake. Naweka simu, karani ananinyang'anya.