Keki ya Wundanyi Iliyoshukia Taveta

Nyuma ya stendi ya Voi, kwenye benchi la muuza kahawa Mwinyihaji, hakuna swali la dunia hii lililowahi kukosa jibu, na mara nyingi hupata matano. Musyimi, fundi wa magari aitwaye Spana, hukaa karibu na birika. Thadeus, karani mstaafu, jina la benchi Hansadi, kama ile kumbukumbu ya bunge, kwa sababu hakuna neno alilolisikia akaliacha lipotee, hukaa kando yake na gazeti la juzi. Ijumaa moja mwaka wa tisini na sita alikuwapo pia Waleed, yaani Profesa, kijana mwenye digrii aliyojipa mwenyewe. Ndiye aliyeiandikia ofisi ya vifurushi programu ya kompyuta, kisha akaitangaza mji mzima kuliko soda mpya. Asubuhi hiyo ofisi ya Taveta walikuwa wamepiga simu: wameletewa keki ya harusi, ya orofa tatu, na kwao hakuna anayeoa. Harusi ni kesho, Wundanyi.

— Hiyo ni stima, — alianza Thadeus. — Umeme ukipungua, herufi zinalegea. Wundanyi ni neno refu, limelegea likawa Taveta.

— Wacha hizo, Hansadi! — Spana akadakia. — Hiyo ni virusi. Imekuja na disketi ya Nairobi. Virusi ya Nairobi haipandi milima, inataka tambarare.

— Mimi nasema ni ndovu, — akasema Mwinyihaji akimimina. — Ndovu wa Tsavo hujikuna kwenye nguzo za simu. Nguzo ikainamia Taveta, kila kitu humwagikia huko.

— Mzee, kompyuta yenyewe haina hata waya wa simu, — Waleed akasema.

— Ndiyo maana hamkupata habari mapema, mwanangu.

Waleed aliujua ukweli tangu ile simu ilipopigwa, na kuusema ilikuwa aibu. Lakini kuwasikia watu wakikosea mbele yake kulimuuma zaidi.

— Sikizeni, nyinyi. Karani akibonyeza mshale, orodha ya miji inashuka. Anachagua mji. Kompyuta haiweki jina, inaweka nafasi kwenye orodha. Bura sifuri, Chawia moja, Mwatate mbili, Taveta tatu, Wundanyi nne.

— Wa kwanza ni sifuri? — Spana akashtuka. — Manze, shuleni ningekuwa wa kwanza kila muhula!

— Jana jioni, mizigo ikiwa imeshaandikishwa, kabla hatujachapisha karatasi za kuibandika, ofisini wakaniambia niongeze mji wa Mata. Orodha inajipanga kialfabeti. Mata ikaingia katikati, waliokuwa chini wakasukumwa.

— Kwa hivyo?

— Spana, wewe ni wa pili kwa benchi. Mtu akijichomeka mbele yako, unakuwa wa tatu. Sasa nikimwambia mzee ampe kahawa wa pili, atampa nani?

— Atanipa mimi. Mzee ananijua kwa sura.

— Kompyuta haijui sura! Nne ilikuwa Wundanyi. Sasa nne ni Taveta.

— Na mzigo wa Taveta? — Thadeus akauliza.

— Uko Mwatate.

— Wa Mwatate?

— Mata.

Spana akapiga mluzi.

— Buda, umehamisha wilaya nzima kwa kidole kimoja! Serikali ingeunda kamati.

— Lakini dawa si rahisi? — Thadeus akakunja gazeti. — Ifute Mata sasa hivi. Keki itarudi.

— Keki haiko ndani ya kompyuta, Hansadi.

— Umejaribu?

Kabla Waleed hajajibu, Mwalimu Tryphena, mama wa bi harusi, alikuwa amesimama mbele yake, kiatu kimoja kimejaa vumbi kuliko kingine.

— Hamjambo. Waleed ni yupi?

Benchi zima likamwonyesha, haraka kuliko ilivyohitajika.

— Mwalimu, shikamoo. Ni jambo la kitaalamu kidogo, — Waleed akaanza. — Ni mambo ya indeksi...

— Ngoja, mwanangu. Jana karani aliniuliza keki inaenda wapi. Nikasema Wundanyi. Akachagua Wundanyi, nikaiona kwa macho yangu. Sivyo?

— Ndivyo.

— Basi kwa nini programu yako haikuandika Wundanyi?

Thadeus akalifungua gazeti, juu chini. Mwinyihaji akafuta kikombe kilichokuwa safi tayari. Jibu alilokuwa nalo Waleed ni kwamba namba huchukua nafasi ndogo kuliko jina, na hilo akaliona dogo mno kulitamka mbele ya mama huyu. Akainuka, akajipangusa suruali.

— Gari la Taveta linatoka saa ngapi? — akauliza.

— Tazama kwa kompyuta, — Spana akamwambia.