Kidevu cha Mzee wa Kanisa

Kina mama, na nyinyi wanaume mliojificha viti vya nyuma, nimesimama kutoa ushuhuda na magoti mabovu, kwa hivyo msinikatize. Pasta ameniomba nisitaje jina la mtu. Sawa. Lakini majina ninayo yote, mpaka ya wale waliocheka.

Nilipoachwa na bwana yangu nilifungua studio ya picha pale Kambu, chumba kimoja nyuma ya duka la nguo. Mwanamke mwingine mwenye kamera upande wetu hakukuwa. Watu siku hizo wakiona kamera walikaza shingo kama wameshikwa na askari. Ilikuwa lazima umshike mtu kidevu, umgeuze kidogo apate mwangaza. Ndiyo kazi yenyewe. Mafundi wanaume walishika videvu vya mama zenu na hakuna aliyeuliza.

Siku moja akaja mzee wa kanisa. Nikamshika kidevu, nikamgeuza, nikamwambia atulie, nikapiga picha. Jumapili naitwa mbele, pasta wa wakati huo ananiuliza.

"Mama, ni kweli ulimpapasa mzee ndevu?"

"Nilimshika kidevu. Ndevu anazo wapi?"

Walicheka, kama mnavyocheka sasa. Lakini yule mzee akasema, "Alinipapasa." Neno moja tu. Nikakatazwa meza ya Bwana, kanisa likiwa limejaa.

Ndugu zangu, nawaambia, hilo neno lilinila. Baba wakakataza wasichana wao kuja studio, wake wakakataza waume. Nikafunga kamera kwa gunia, nikaenda kulima mashamba ya watu miaka na miaka. Kanisani sikukanyaga.

Kisha mke wa huyo mzee akafa, na nyumba nzima haikuwa na picha yake ya kuweka kwa jeneza. Ni mimi tu nilikuwa nayo. Alikuja studio kwa siri kabla ya hayo mambo, nikampiga picha, akaogopa kurudi kuichukua; dada yake tu ndiye aliyejua.

Mzee akafika kwangu na pakiti mbili za sukari.

"Mwaitu, mama yangu, nisamehe. Tunywe chai, haya mambo yaishie hapa."

"Hapa jikoni? Kwani ulinisema jikoni?"

Akanisogezea ile sukari.

"Sukari yako rudi nayo. Picha utapata, kwa sababu mke wako hakunikosea."

Nikatoa negativu, ule mkanda wa picha yake, nikaipeleka Makindu ikasafishwa picha.

Siku ya mazishi akasimama kuongea. "Kuna mama hapa, tulikosana kidogo..."

Aiya! Nikainuka. "Kidogo? Sema lile neno!"

Aliyeongoza ibada akaniambia, "Mama, kaa chini, tunazika."

Sikukaa. Mama wa lile duka la nguo, Mwislamu, mgeni kabisa kwa hiyo ibada, akasimama kando yangu. Dada ya marehemu akasimama. Halafu wengine wenu, mnajijua.

Mzee akaangalia picha ya mke wake. Akasema, "Hakunipapasa. Nilidanganya. Niliona aibu, mwanamke kuniambia nitulie, na mimi nikatulia."

Kwa hiyo aibu yake nililima mawe!

Asante mama wa duka, uliyekataa miaka hiyo yote kumpa mtu mwingine chumba changu cha studio. Asante nyinyi mliosimama. Na wasichana, nisikieni: ukisemwa uongo mbele ya watu, usikubali kuombwa msamaha jikoni. Mimi nimesamehe, pasta, andika hivyo. Lakini hasira bado ninayo, na mtu asiniombee itoke.