Shamba la Bondeni ni la Kina Theodosia

Sogeeni karibu, wanangu. Zuhra, niwekee mto mgongoni, na wewe Hashimu zima hiyo simu, maana nitakayosema leo sina pumzi ya kuyarudia, na mtu hatoki Kibondo kuja kumwona baba yake Kasulu halafu akae anazungumza na watu wa Kibondo. Akili zangu ni timamu, Yasmini ni shahidi, uji wa asubuhi nimeumaliza mwenyewe. Nyumba hii na duka la mbele mtagawana kama dini inavyoelekeza, sheikh anaijua hesabu, msitoane macho. Cherehani ya marehemu mama yenu achukue Zuhra. Neno langu hasa ni shamba la bondeni, kule Kabanga, analolima Theodosia.

Nimesikia, Hashimu. Ninaumwa kifua, siumwi masikio. Nimesikia kwamba tangu kambi ya wakimbizi ya Nduta ifunguliwe tena wenye fedha wanatafuta ardhi huku kote, kwamba mnunuzi umeshampata, na kwamba unatembea na hati ya babu yangu Mudathiri kwenye bahasha ukimwonyesha kila mtu eti sisi ni watu wa pwani na Theodosia ni mkimbizi wa Burundi tuliyemhifadhi tu. Ala! Nani alikuambia sisi ni watu wa pwani?

Hati ya Mjerumani imeandika hivyo, sikatai. Lakini umesoma karatasi moja ukaziacha mbili. Mjerumani alipouliza kabila, babu aliona wenyeji wanabebeshwa mizigo na watu wa pwani wanaachwa na biashara zao, basi akasema yeye ni wa pwani, kanzu anayo, nani atambishia? Alipoingia Mbelgiji na askari wake kutoka Kongo, cheti kikatoka kinasema Mmanyema, mtu wa hukohuko Kongo. Akaja Mwingereza, ardhi ikawa mikononi mwa Mwami, mtemi wa Waha wa Heru, akiwagawia watu wake, na kwenye wosia wa mwaka thelathini na nane babu huyohuyo ni Muha wa Heru, baba na mama. Nilimuuliza baba yangu, Abdulrahmani, ukweli ni upi, akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Isihaka mwanangu, hata mimi alinijibu kila msimu jibu lake." Basi tusitambie asili tusiyoijua. Mimi nimezeeka bila kuijua, na chakula kimeshuka vizuri tu.

Wosia huohuo ndio unaosema shamba la bondeni, ambalo halifiki hata theluthi ya mali yake ambayo dini inamruhusu mtu kuusia, apewe Niyonsaba, baba yake Theodosia. Niyonsaba alikuwa nani? Kijana aliyelelewa nyumbani kwa babu, mama yake mwanamke aliyevuka kutoka upande wa Burundi pale Munanila. Wako waliosema babu alimwoa kwa ndoa, wako waliosema alikuwa mpishi, na wote waliojua tumewazika. Wewe Hashimu unasema hakuna wosia kwa mrithi, mwenye fungu lake katika mirathi haachiwi kitu tena kwa wosia, kwa hiyo Niyonsaba hakuwa mtoto wa babu. Vizuri, madrasa hukwenda bure. Sasa endelea mbele, mbona umeishia njiani? Kama hakuwa mtoto, wosia ni halali na shamba ni lake. Na kama alikuwa mtoto, wosia umeanguka lakini yeye ameinuka mrithi, sawa kwa sawa na baba yangu, na haki yake haiishii bondeni, inaingia mpaka dukani, inafika mpaka kwenye kitanda hiki nilicholalia. Sasa huyo Theodosia utamtoa kwa mlango gani? Cha mtu mavi, Hashimu.

Unamwita mkimbizi. Aliolewa Burundi, vita vya sabini na mbili vikamrudisha na mtoto mgongoni, karani akamwandika mkimbizi, naye akanyamaza kwa kuwa mkimbizi alikuwa anapewa unga, naye mtoto ana njaa. Amefanya nini ambacho babu yangu hakufanya mara tatu? Leo ni raia kama wewe. Na mlipokuwa wadogo mlimwita shangazi, maharage yake mkayala, na mama yenu alipokuwa amelala hospitali ni yeye aliyemwosha na kumgeuza mpaka roho ilipotoka. Naona aibu, nasema wazi, naona aibu kwamba mwanangu wa kumzaa ndiye anayemtafutia njia ya kumfukuza.

Nipe maji, Yasmini. Kidogo... basi, inatosha.

Maziko yangu yasingoje watu wa Dar. Theodosia akae ndani pamoja na binti zangu, asiachwe uani na majirani, Ukristo wake hauharibu msiba wangu. Zuhra, Yasmini, radhi yangu mnayo, Mungu awafungulie riziki, awape watoto wenye masikio, na mlango wenu usikose mtu wa kuugonga kwa heri.

Yako, Hashimu... yako sijaitoa. Theodosia yuko bondeni sasa hivi, nimemtumia ujumbe akate vipande vya minyaa. Nenda mkaipande kwenye mpaka wa shamba lake, wewe na yeye pamoja, kwa mikono yenu, mwenyekiti wa kitongoji akitazama, halafu urudi hapa na udongo wa bondeni miguuni, usinawe, nami nitakuwekea mkono kichwani nikuombee kama nilivyowaombea dada zako. Kama utanikuta. Pumzi hii... haina ahadi na mtu. Ninakupenda, mwanangu, sitaki kuondoka nayo... radhi yako... nitaipeleka wapi?

Hashimu.

Mbona bado umekaa?