Nyumba Isiyotiwa Nukta

Wasikilizaji wapendwa, habari ya leo hata mimi inaniwia nzito kuisoma. Tunamkumbuka kijana aliyefariki Alhamisi iliyopita. Asubuhi alikuwa akitania. Jioni hayupo. Narudia, ni siku hiyohiyo moja.

Majirani walimwita Daktari wa Vyoo. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, akisoma misingi ya afya ya jamii. Jina hilo alipewa na dada yake, fundi cherehani, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Barua ya chuo ilipofika, dada alimuuliza, "Wenzako wanakwenda kusomea udaktari, wewe unakwenda kusomea choo?"

Kijana akacheka. "Daktari anamtibu mtu akishaugua, Dada. Sisi tunataka mtaa mzima usiugue."

Dada alimcheka, ndiyo, lakini alimshonea begi la madaftari lenye mifuko minne.

Mwezi huu watu wa mtaani kwao walianza kuharisha, na kisima kimoja kikashukiwa. Mhadhiri akawapa wanafunzi ramani ya mtaa na kalamu nyekundu. Nyumba yenye mgonjwa itiwe nukta. Isiyo na mgonjwa iachwe nyeupe. Na sharti moja: mhesabu hajihesabu. Mwanafunzi asiandike habari za nyumba yake, asije akajipendelea.

Alhamisi alfajiri dada alimsikia akienda msalani mara nne.

"Mdogo wangu, leo pumzika."

"Zimebaki nyumba nane tu, Dada. Nikizimaliza, watakifunga kile kisima."

"Na wewe je?"

"Mimi si wa kuhesabiwa." Akamtania kwamba mafundi cherehani hupenda kupima watu hata wasiotaka kushonewa nguo, akachukua begi, akatoka.

Alimaliza nyumba saba. Ya nane, ya muuza mkaa, aliingia akishika ukuta. Muuza mkaa ndiye aliyembeba mgongoni mpaka zahanati. Kilikuwa kipindupindu, wasikilizaji wapendwa. Jua halijatua, alikuwa ameshakata roho.

Dada alifika utepe wa kupimia ungali shingoni. Hakulia. Alikuwa akisema neno moja tu, "Lakini asubuhi alikuwa anatania." Muuza mkaa anasema alilirudia mpaka yeye mwenyewe akashindwa kumtazama.

Jumamosi mhadhiri alikuja msibani na ile ramani. Nukta thelathini na moja, zote zimekizunguka kisima kimoja. Dada akazifuata kwa kidole, moja baada ya nyingine.

"Na hii nyeupe hapa katikati, ya nani?"

Mhadhiri aliinamisha kichwa. "Ni ya kwenu, mama. Lile sharti lilikuwa langu."

Mganga hajigangi, tunasema kila siku, tena kwa kucheka. Siku ile hakuna aliyecheka. Dada alitoa mfukoni chaki nyekundu ya kuwekea alama vitambaa. Akaitia nukta nyumba yake. "Haya," akasema, "na huyu mumhesabu."

Kisima kimefungwa. Mhadhiri naye amelifuta lile sharti. Sasa wanafunzi wake wanaanza kuhesabu nyumbani kwao.

Kwako wewe dada mtu, na kwa jamaa wote, poleni sana. Kilio chenu ni chetu. Nanyi mnaotusikiliza, kabla ya kumuuliza jirani ameamkaje, muulizeni aliyelala chumba cha pili. Akiwaambia yeye si wa kuhesabiwa, simameni mlangoni, mumvue begi begani.