Nani Anavuta Kwanza

Pale Mubi, malori ya Hombo yanaposhushia mizigo, kuna benchi la mbao mbele ya jiko la kahawa la Mama Léontine, na benchi hilo lina wenyewe. Papa Jérôme, mfanyabiashara wa Butembo mwenye lori, huitwa Kamio, yaani lori, kwa kuwa hana hadithi isiyo na lori ndani yake. Guylain huitwa Profu. Alifundisha biolojia Masisi mpaka vita vikafunga shule. Naye Callixte, mkulima wa Kibabi, ni Papa Salamu. Siku ya kukimbia, yeye aliangukia huku msituni, mkewe Mukashema akabaki milimani, na tangu hapo hakuna dereva anayeondoka Mubi bila kubebeshwa salamu zake. Barabara ya Masisi ina mapigano. Ya kuzunguka kupitia Hombo, Bukavu na Goma ipo, lakini Callixte aliogopa kufika bila kuitwa na kumkuta mke ameshazoea kuishi bila yeye. Alimtamani mpaka chakula hakipiti. Alingoja neno moja tu kutoka Kibabi: njoo.

Asubuhi hiyo Kamio alikuwa akizilaani etiketi, vile vitambulisho ambavyo wakaguzi hufunga kwenye magunia ya madini.

— Gunia bila etiketi haiendake fasi yoyote! Kesho watafunga hata ku kikombe.

— Hata mu mwili iko etiketi, Profu akasema. Selile, ile chembe ya mwili, inafungiaka proteini etiketi. Jina yake ubikitini, maana yake yenye kuwa pote-pote.

— Mwenye kuwa pote-pote njo Mungu peke yake! Kamio akamkatiza. Ngoja Padri akusikie.

— Sikiliza kwanza, Papa. Selile mbili ni majirani. Moja inanyoosha proteini sawa mukono, inashika mukono ya jirani.

— Halafu etiketi inasema: pita, barrière iko wazi!

— Hapana. Kwenu etiketi inatoshaka muzigo inje. Mu selile inarudisha ndani. Selile yenye kutuma habari inafunga etiketi ku mukono yake yeye mwenyewe, inaumeza. Ile kuvuta njo inafanya mukono ya jirani ikatwe, na kipande ya ndani inaenda mpaka mu kiini ya jirani, inamuambia: badilika.

— Yesu! Mama Léontine akashtuka. Jirani gani wa kukata batu mikono?

— Njo kusikilizana kwao, Mama. Bila kuvuta, wanashikana tu, na jirani hasikie kitu.

Callixte akaweka kikombe chini.

— Profu, na salamu ya mbali?

— Hizi selile hapana, Papa. Mpaka wagusane.

Kamio alikuwa ameshapata dawa ya vita.

— Ng'ombe za Masisi ziko na etiketi ku sikio, ao sivyo? Tufungie kila mwenye bunduki etiketi yake! Kila kilima kitameza batu yake, vita inaisha mbele ya Noeli. Mama, ongeza kahawa. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kikombe kimoja hakivunji usingizi.

— Na wanaume wenye kusahau mabibi? Mama Léontine akauliza akimimina.

— Wale tuwafungie mbili, ku kila sikio!

Wakacheka, isipokuwa Callixte. Pembeni alikaa dada mmoja, Benita, aliyeshuka kwenye lori la Hombo na kifurushi chake, akisubiri pikipiki.

— Samahani, ba-Papa, akasema. Na kama kila selile inangojea ingine ivute kwanza?

Profu akachovya kidole kwenye kahawa, akachora juu ya benchi mikono miwili iliyoshikana.

Callixte alizikumbuka salamu zake zote. Nakusalimia, niko muzima, Mungu akulinde. Hakuna hata moja iliyosema nakuja. Je, kama Mukashema naye, kule milimani, alikuwa akiogopa kuita mtu ambaye hajasema anataka kurudi?

Mama Léontine akainamisha birika. Likatoa machicha.

— Kahawa imeisha, ba-Papa.

Callixte akasimama.

— Kamio, lori yako inarudia Hombo leo?

— Leo hii. Leta salamu zako, dereva atabeba.

— Salamu hapana. Munipe fasi ya kukaa mu lori.